Wa 13 alibaki bandarini

Leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Nataka kuwaelezea safari moja ya boti niliyofanya mbali na hapa, mwisho wa mwezi wa kumi, kwenye bahari ya Mediterania. Ilikuwa safari ya siku moja, ya kujifurahisha. Najua wengi kati yenu mlikuwa Bulengo, Lushagala, ao mlipokelewa kwa familia hapa mjini, na mtu aliyelala chini ya hema hana haja ya kusikia matembezi ya mwingine. Naomba mnivumilie. Mwishoni mtaona kwamba ninazungumza juu ya ziwa letu, na juu ya jambo moja ambalo sikulisema redioni.

Nilikuwa Marseille, mji wa kusini mwa Ufaransa, kwa mafunzo ya majuma mawili ya waandishi wa habari wa redio. Tulikuwa wanafunzi 11 toka Kamerun, Madagaska, Burkina Faso, Haiti na kwingine, pamoja na mwalimu wetu. Siku ya Mungu hakukuwa na masomo. Mwenzetu wa Madagaska akatoa wazo: tukodi boti yetu wenyewe, twende visiwa vya Frioul, tutembee, tule, turudi jioni. Kuna boti za abiria wote zinazokwenda huko kutoka bandari ya zamani, lakini yeye alitaka tuzunguke tunavyopenda bila kukimbizwa na saa. Tukachanga, kila mtu euro 45.

Nilisita kutoa. Kwanza kwa sababu ya pesa, maana kwetu hizo ni mfuko wa unga na mafuta juu yake. Lakini sababu kubwa ilikuwa maji. Nimezaliwa kando ya ziwa Kivu na sijui kuogelea. Tena majuma matatu mbele ya hapo nilikuwa nimesimama Kituku.

Mnaikumbuka siku ile, 3 Oktoba 2024. Toka mwezi wa pili barabara ya Sake kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo ziwa ndilo lilikuwa barabara. Boti iliyotoka Minova ikapinduka karibu kabisa na kufika, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Nilifika na mikro yangu. Mwanaume mmoja akanishika mkono, akaniuliza: « Uko na listi? » Alifikiri kwa kuwa ni mtu wa redio, nina orodha ya majina ya waliopanda. Sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Ndiyo maana wakubwa walitoa hesabu zilizopishana sana, za waliokufa na za waliokuwa ndani, na familia zikabaki kutafuta jamaa zao kwa midomo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Marseille nilishuka bandarini nikiwa na moyo mzito. Bandari ya zamani iko katikati ya mji, boti zimejipanga kama pikipiki mbele ya soko. Juu ya kilima kuna kanisa la Notre-Dame de la Garde, na juu yake sanamu ya dhahabu ya Bikira Maria akimbeba Mtoto. Wenyeji wanamwita Mama Mwema. Nilikuwa nimepanda huko siku moja mbele. Ndani ya kanisa wametundika boti ndogo ndogo kwenye dari, na kuta zimejaa vibao vya shukrani. Wengi waliotoa vitu hivyo ni watu waliookoka baharini, na familia zao.

Kapiteni wetu alikuwa mzee wa miaka kama 60, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa akizungumza kwa simu, nikasikia neno « bahari ». Nikageuka. Nikasikia « karibu ». Kumbe ni Mkomoro, mzaliwa wa Ngazidja. Marseille kuna Wakomoro wengi sana. Zamani wanaume wao walifanya kazi kwenye meli za Wafaransa, kisha wakabaki na familia. Baba yake huyu mzee alikuwa mtu wa kutia makaa kwenye injini. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akacheka, akanijibu kwa Kikomoro. Nilipompa chupa ya maji akaniambia « marahaba », nikashangaa, maana sikuwa nimemwambia shikamoo. Kwao marahaba ni aksanti. Toka hapo akawa ananiita dada, ingawa tulipokuwa na maneno marefu tulirudi kwenye Kifaransa.

Kabla ya yote akatoa daftari. Akaandika majina yetu, moja moja, na namba ya simu ya mtu wa kuita kwa kila mmoja. Akapiga picha ule ukurasa, akautuma kwa binti yake aliye mjini. Akatueleza: « Tukikawia kurudi na simu yangu haiitiki, yeye anapiga 196. » Hiyo ndiyo namba ya Ufaransa ya kuita msaada wa baharini. Kisha akatuonyesha redio ya boti na mfereji wa 16, ule ambao kila chombo kinausikiliza kwa ajili ya hatari. Akafungua sanduku, akatoa jile, yale makoti ya kuelea majini. Akauliza nani hajui kuogelea. Tulinyoosha mkono watu wanne. Sisi akatuvalisha mwenyewe na kufunga kamba. Wengine akawaonyesha jile zao ziko wapi.

Hapo akafika mwenzetu wa Kamerun. Hakuwa peke yake. Amekuja na dada yake, mtoto wa shangazi, anayeishi Marseille. Msichana mwembamba, amebeba sufuria mbili zimefungwa kwa kitambaa: wali na samaki, kwa ajili yetu sote. Alikuwa ameamka alfajiri kupika.

Kapiteni akahesabu kwa kidole. Akasema: « Mko 13. » Akatuonyesha kibao kidogo ubavuni mwa boti. Abiria 12.

Mnajua sisi. Kila mtu alianza kuomba. Huyu anasema ni mwembamba, mwingine anasema ni nusu saa tu, mwingine anasema bahari imetulia. Nafasi ilikuwapo, hilo ni kweli. Kwenye kiti cha nyuma wangeweza kukaa wengine watatu. Na aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Nilisema: « Mzee, atakaa juu ya magoti yangu. »

Mzee hakukasirika. Alizima injini, akakaa, akafungua gazeti. Alisema maneno mafupi tu: « Tuna siku nzima. »

Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe, na niliijua. Hapa ndipo penye jambo nisilolisema redioni.

Siku tatu mbele ya ajali ya Kituku, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Minova. Anaishi kwa kuleta ndizi na mihogo Goma. Akaniambia: « Yaya, boti imejaa. Watu beko juu ya mizigo. Nipande? » Mimi nilikuwa kazini, nina haraka. Nikamjibu: « Panda tu, ufike. Kesho labda haitakuwa. » Akapanda. Akafika, nguo imelowa hadi magotini. Tukacheka. Siku tatu baadaye boti nyingine haikufika, na mimi nikasimama mbele ya mikro nikauliza: nani aliruhusu watu wapande boti iliyojaa? Niliuliza wenye boti, niliuliza wakubwa wa bandari, na ilikuwa haki kuwauliza. Lakini sikusema kwamba juma lilelile, mimi mwenyewe niliruhusu kwa simu.

Basi, tuliachaje? Dada wa Mkamerun ndiye aliyemaliza mjadala. Alitupatia sufuria, akasema atachukua boti ya abiria wote, na tutakutana huko. Tukaondoka tukiwa 12. Alisimama kwenye ukuta wa bandari akitupungia mkono. Nusu saa hivi baadaye alipanda boti yake, na alipofika tulikuwa bado hatujafungua vyombo.

Visiwa vya Frioul viko vinne, na viwili vikubwa ni Pomègues na Ratonneau. Vimeunganishwa kwa ukuta wa mawe uliojengwa baharini miaka ya 1820. Msifikirie Idjwi, na mashamba yake na migomba. Huku ni mawe meupe matupu, majani mafupi yenye miiba, na ndege weupe wa baharini wanaokutukana ukikaribia viota vyao. Toka 2012 visiwa viko ndani ya mbuga ya taifa, kwa hiyo huwezi kuwasha moto wala kuokota kitu. Maji ni ya buluu na unaona chini kabisa. Lakini mwisho wa mwezi wa kumi ni baridi. Aliyeogelea ni Mmadagaska peke yake, na alitoka akitetemeka.

Kapiteni alitupeleka kwanza upande wa Pomègues. Alisimamisha injini, akatuelezea habari ambayo ilinishika. Mahali hapo zamani palikuwa pa karantini. Meli zilizotoka Mashariki zilisimama hapo kwanza, kuona kama zinabeba ugonjwa. Mwezi wa tano 1720 ilifika meli Grand-Saint-Antoine, imejaa vitambaa na pamba. Watu kadhaa walikuwa wamekufa njiani. Kanuni zilikuwapo, zimeandikwa, na kila mtu wa bandari alizijua. Lakini mizigo ilikuwa ya thamani kubwa, na gulio kubwa la Beaucaire lilikuwa la mwezi wa saba. Mmoja wa viongozi wa mji, Jean-Baptiste Estelle, alikuwa na sehemu yake katika bidhaa hizo. Kanuni zikalegezwa. Vitambaa vikashushwa, na tauni ikaingia mjini. Marseille ilikuwa na watu karibu 90,000. Karibu 40,000 walikufa. Meli ilichomwa moto mwezi wa tisa, watu wakiwa wamekwisha kufa. Kapiteni wake, Jean-Baptiste Chataud, alifungwa katika ngome ya kisiwa cha If, ambacho tulikuwa tunakiona mbele yetu.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua karantini. Kutoka 2018 hadi 2020 tuliosha mikono kwa klorini kwenye kila kizuizi kwa sababu ya Ebola, na tulilalamika sana. Lakini wakati mzee anaeleza, sikufikiria Ebola. Nilifikiria boti zetu. Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja wakapotea. Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri wa ziwa avae jile. Kwa hiyo kanuni kwetu ipo pia. Lakini gunia la mihogo lina mwenyewe, na mwenyewe ana haraka. Ukitoa gunia moja kuweka jile, nani atalipa nafasi ya lile gunia?

Tulikula kwenye bandari ndogo ya Frioul, tumekaa juu ya ukuta, wote 13. Wali ulikuwa bado na joto. Nilimwomba dada wa Mkamerun msamaha, yeye akacheka, akasema boti yake ilikuwa na choo na yetu haikuwa nacho.

Nikamgeukia kapiteni. Nilitaka kumsifu, nikamwambia amefanya vizuri kulinda maisha ya watu. Alikataa sifa hiyo. « Dada, mimi nalinda karatasi yangu. Boti ya namna hii sheria inasema abiria 12. Polisi wa baharini akinikuta na 13, nalipa faini, naweza kupoteza karatasi ya kazi. Tukipata ajali, bima hailipi hata senti. Nina watoto. » Nilitegemea maneno mazuri zaidi, lakini kadiri nilivyoyafikiria nikaona haya ndiyo yenye maana. Hakuwa na moyo mzuri kupita makapiteni wetu. Tofauti ni kwamba yeye anajua kuna mtu atakayehesabu, na atakayehesabu ana nguvu ya kumnyang'anya mkate.

Kisha akaniuliza: « Wewe ni wa Kongo, unajua kucheza kwassa-kwassa? » Nikasema hiyo ni ngoma ya wakubwa wetu, ya miaka ya 1980. Akaniambia kwao hilo ni jina la mitumbwi ya injini inayovusha watu usiku kutoka Nzwani kwenda Mayotte, karibu kilomita 70. Mayotte iko chini ya Ufaransa, na toka 1995 Mkomoro hawezi kuingia bila viza. Wanajaza mtumbwi hadi maji yanakaribia ukingo, na unatikisika kama mchezaji, ndiyo sababu ya jina. Wengi wamekufa humo. Akasema: « Nyinyi mliicheza, sisi tunazama nayo. » Hakusema zaidi, akaanza kukusanya sahani.

Saa sita akasikiliza habari za hewa. Upepo wa mistral ulikuwa unakuja kabla ya wakati. Huo ni upepo wa baridi unaoshuka kutoka kaskazini, na ukianza hata boti kubwa hazitii nanga kwenye If. Tulikuwa tumelipa hadi saa kumi na moja. Yeye akasema tunaondoka saa tisa, na If hatutashuka. Watu walinung'unika, mwalimu akauliza kama atarudisha sehemu ya pesa. Hakurudisha. Dada wa Mkamerun akarudi kama alivyokuja, kwa boti ya abiria wote.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi lakini mawimbi yalikwisha kuanza kupiga ubavu. Nilishika chuma kwa mikono miwili. Wawili kati yetu walitaka kusimama kupiga picha, mzee akawapigia kelele wakae chini, kila mtu upande wake. Tulipofunga kamba bandarini akatoa daftari tena. Alikata majina kwa kalamu, moja moja, akimtazama kila mtu usoni. Kisha akampigia binti yake na kumwambia wote wamefika. Mimi nilikuwa bado nimevaa jile. Ilibidi anikumbushe kuivua.

Niliporudi Goma, mtu wa kwanza niliyemwendea ni mdogo wangu. Nilimweleza yote, hata yale ya simu. Nilimwomba msamaha kwa neno lile la « panda tu ». Nilifikiri atanyamaza ao atalia. Alikuwa anapanga ndizi, hakuinua kichwa. Akaniambia: « Yaya, weye ulikuwa unaenda kutembea. Miye ninaenda kutafuta chakula ya batoto. Huyo wa 13 alipata boti ingine. Yangu iko wapi? »

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina jibu kamili. Ana haki. Kumwambia mtu asipande kuna maana pale ambapo kuna boti nyingine itakayokuja. Mtu aliyekimbia risasi usiku, ana watoto wawili mgongoni na mkononi, huwezi kumwambia asubiri ufukweni. Kwa hiyo ninapowauliza wakubwa, sitauliza tena kwa nini mnaruhusu boti zijae, basi. Nitauliza pia: boti ya pili iko wapi, na nani anaandika majina?

Lakini kuna vitu ambavyo havingoji wakubwa, na ndivyo nawaomba wasomaji na wasikilizaji wangu. Kabla ya kupanda, tuma ujumbe kwa mtu mmoja: jina lako, jina la boti, saa mnayoondoka na majina ya watoto ulio nao. Ukifika, mwambie umefika. Omba jile kabla ya kulipa, si baada ya kulipa, maana baada ya kulipa hakuna anayekusikiliza. Usikae juu ya mizigo, kaa chini. Na mkikaribia kufika, msisimame wote kwa upande mmoja kutafuta jamaa zenu ufukweni. Chombo kilichojaa kinapinduka hapo hapo. Na sisi tunaopigiwa simu kutoka ng'ambo, tupunguze haraka kwenye midomo yetu.

Juma lililopita simu yangu iliita. Alikuwa yeye, yuko Minova, boti imejaa, watu wako juu ya mizigo. Nilimuuliza kama anakimbia kitu. Akasema hapana, ni biashara tu. Nikamuuliza kama kesho asubuhi kuna nyingine. Akasema labda. Nikamwambia: « Ngoja. » Alikasirika sana. Alisema ndizi zimekwisha kuiva, zitaharibika, na kama mimi ndiye mwenye kumzuia basi mimi ndiye nitalipa.

Alilala Minova kwa rafiki yake. Kesho yake alifika saa nne asubuhi. Sehemu ya ndizi ilikuwa imekuwa nyeusi, haiuziki. Tukahesabu pamoja: franka 15,000. Nimelipa.